Msimpime mama kwa mzani wa mtoto

Ndugu wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi wana maswali mawili. La kwanza, wa kike au wa kiume? La pili, kilo ngapi? Likishajibiwa hilo la pili hukumu inapita papo hapo, na anayehukumiwa ni mama. Akizaa wa kilo 2.2, basi hakuwa anakula, au alikuwa anatafuna udongo, au alibeba mimba kwa hasira. Akizaa wa kilo 4.4, basi huyo katunzwa, mume anajua wajibu wake. Mimi ni mkunga, nimezalisha mkoani Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na maneno haya yananiuma kila ninapoyasikia. Mzani unapima mtoto. Hausemi chochote kuhusu bidii ya mama wala penzi la baba.

Kinachoamua ukubwa wa mtoto, ukiondoa urithi na umri wa mimba, kwa sehemu kubwa ni mazungumzo ya homoni kati ya mama, mtoto na kondo la nyuma. Watu wengi wanalijua kondo kama kitu cha kuzikwa tu. Naomba leo tulitazame vizuri.

Nianze na mdogo wangu, tumbo moja na mimi, kwa ruhusa yake. Ana watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa wiki zimetimia kabisa, akiwa na kilo 2.2. Wa pili, miaka kadhaa baadaye, alikuja na kilo 4.4, mara mbili ya mwenzake. Mama ni yule yule, baba ni yule yule, jiko ni lile lile. Kwa mtoto wa kwanza mama mkwe alimketisha akamwuliza, "Mwanangu, kwani ulikuwa huli? Mbona chakula kipo?" Kwa wa pili yule yule mama mkwe alipiga vigelegele na kugawa pilau. Nami nawaambia kwamba uzazi ulioniogopesha zaidi ni huo wa pilau.

Tuseme kwanza kuhusu chakula, maana ndicho kinacholaumiwa. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani waliizuia sehemu ya magharibi ya Uholanzi isipate chakula, na mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watafiti walikuja kuzipitia kumbukumbu za hospitali. Wanawake ambao njaa iliwakuta katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaa watoto waliopungua gramu 300 hivi kulinganisha na kawaida. Gramu 300 si kidogo, lakini ile ilikuwa njaa ya kuua watu. Mama anayekula ugali na mchicha na dagaa kila siku, mtoto wake akizaliwa na kilo 2.2 wiki zikiwa zimetimia, jawabu la "hakula" halitoshi. Kuna kitu kingine kimezuia.

Kondo la nyuma la mtoto mwenye afya lina uzito wa nusu kilo hivi. Baada ya kutoka tunaliweka kwenye sinia, tunalifuta damu, tunaligeuza upande wa mama na kukagua vipande vyake kimoja kimoja, kwanza kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani, pili kuona hali yake. La mama aliyekuwa na presha ya mimba mara nyingi ni dogo, na ukipitisha kidole unagusa sehemu ngumu, nyeupe, zilizokufa kwa kukosa damu. La mama mwenye sukari mara nyingi ni zito, nene, limevimba. Kabla hata mzani haujasema, sinia limeshasema.

Kondo hilo ni tezi pia. Linatengeneza projesteroni na estrojeni kwa wingi ambao mwili wa mwanamke hauufikii wakati mwingine wowote. Linatengeneza pia laktojeni ya kondo na homoni yake lenyewe ya ukuaji, tofauti na ile inayotoka kichwani mwa mama. Hizi mbili kazi yake ni nzito. Mimba inapokaribia na kupita miezi mitano na nusu zinapanda sana, zinaufanya mwili wa mama usiitii kama zamani insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, ili sukari ibaki kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate. Zinamchochea mama avunje mafuta yake ale hayo, glukosi, yaani sukari ya damu, amwachie mtoto. Wanawake wanaobeba mtoto anayedumaa tumboni huwa na kiwango kidogo cha homoni hii ya ukuaji ya kondo kwenye damu yao. Si kwamba mama amekataa kutoa. Kondo limeshindwa kuomba.

Mama mwenye afya anajibu vipi ombi hilo? Kongosho lake linaongeza insulini, mara mbili hadi tatu ya kawaida, na sukari inakaa mahali pake. Asipoweza kufikia kiwango hicho, labda kwa sababu ana asili ya sukari kwao, au mwili umeongezeka, au umri umesogea, sukari inapanda. Hicho ndicho kisukari cha mimba.

Hapa pana jambo ambalo natamani kila mjamzito alijue. Glukosi inavuka kondo kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Mtoto anapelekewa mzigo wa sukari bila kifaa cha kuushughulikia, kwa hiyo kongosho lake dogo linafanya kazi ya ziada na kumwaga insulini yake mwenyewe. Na insulini kwa mtoto aliye tumboni ni homoni ya kumkuza. Inampa mafuta, hasa mabegani na tumboni, wakati kichwa hakikui kwa kiasi kile. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen alilieleza hili mwaka 1952, na mpaka leo ndiyo msingi wa tunachofundisha.

Mwaka 2008 ukatoka utafiti mkubwa unaoitwa HAPO, uliofuatilia wanawake zaidi ya 25,000 katika nchi 9. Walitaka kujua ni sukari kiasi gani inaanza kuleta madhara. Walichokuta ni kwamba hakuna mstari. Kadiri sukari ya mama inavyopanda, hata ikiwa bado chini ya kiwango tulichokuwa tukiita ugonjwa, ndivyo uwezekano wa mtoto mkubwa unavyopanda, na ndivyo dalili za insulini nyingi zinavyoonekana kwenye damu ya kitovu. Katika nchi hizo 9 hakuna hata moja ya Afrika, na hilo linanisikitisha, maana viwango vilivyozaliwa pale ndivyo tunavyotumia kwa wanawake wetu. Viwango vyenyewe, vilivyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, ni hivi: mama anakuja hajala tangu usiku, anapimwa, anakunywa maji yenye glukosi gramu 75, anapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, ni kisukari cha mimba. Moja tu kati ya hizo inatosha.

Sasa rudi kwa mdogo wangu na yule wa pili. Mama yetu mzazi ana sukari. Mdogo wangu alikuwa amepita miaka thelathini na mitano, mwili umejaa. Kwenye kadi yake, wiki ya 32, kimo cha mimba kilisoma sentimeta 36. Baada ya wiki ya 20 kimo kwa sentimeta hukaribiana na idadi ya wiki, kwa hiyo tofauti ya nne inataka maelezo. Kliniki aliyokuwa anahudhuria ilimpima mkojo tu, kwa kuwa vifaa vya kupima sukari ya damu vilikuwa vimekwisha, na mkojo ulikuwa safi. Mkojo haufai kwa kazi hiyo. Mjamzito anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo bila ugonjwa, na anaweza kuwa na ugonjwa mkojo ukawa safi. Akaambiwa ana mtoto mkubwa, hongera.

Siku yenyewe nilikuwa zamu. Kichwa kilitoka, kisha kikarudi nyuma kidogo kikajibana kwenye msamba kama kobe anayerudisha shingo. Mkunga yeyote akiona hivyo tumbo lake linapoa: bega limekwama nyuma ya mfupa wa kinena. Nilimwita mwenzangu kwa jina, tukampandisha mdogo wangu magoti mpaka kifuani, mwenzangu akakandamiza juu ya kinena kwa kiganja, mimi nikashika kichwa bila kuvuta. Bega likaachia. Mtoto alilia baada ya kusuguliwa mgongo. Kilo 4.4.

Watu wanadhani hapo hatari imekwisha. Haijaisha. Ukikata kitovu, sukari ya mama inakatika saa hiyo hiyo, lakini kongosho la mtoto bado linamwaga insulini kana kwamba karamu inaendelea. Sukari yake inaanguka. Tulimtoboa kisigino, kipimo kikasoma 1.8. Alikuwa amelegea, mikono inatetemeka kidogo, mtu asiyejua angesema mtoto mnene amelala amechoka. Alinyonya mara moja, akapewa na dekstrosi, yaani maji ya sukari, tukampima tena na tena mpaka ikatulia. Huyo ndiye mtoto ambaye nje walikuwa wanampigia vigelegele.

Na yule wa kilo 2.2? Wakati ule mdogo wangu aliishi Muheza, shambani, mimba ya kwanza, na kliniki alianza mimba ikiwa ya miezi sita, kwa hiyo alipata dozi moja tu ya SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria. Hakuumwa homa ya kumlaza hata siku moja. Damu ya kidole ilisoma hakuna malaria. Lakini vijidudu vya malaria vina tabia ya kujificha kwenye kondo: vinang'ang'ania humo, damu ya kidole inaonekana safi huku kondo limejaa. Mwanamke wa mimba ya kwanza ndiye anayepata shida zaidi, kwa sababu mwili wake haujawahi kukutana na aina hiyo inayonata kwenye kondo na haujajenga kinga yake. Kwa miaka mingi watafiti wamekusanya makondo hapo hapo Muheza kwa ajili ya kulielewa jambo hili. Kondo lenye malaria linawaka kwa uvimbe wa ndani, njia za chakula zinabana, na vichocheo vya ukuaji wa mtoto vinapungua. Mtoto anabaki mdogo hata mama akila kuku kila siku. Mimi mwenyewe niliomba kipande cha kondo lile kipelekwe maabara, na vijidudu vilionekana. Mama mkwe nilimweleza kwa heshima zote, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tatizo lilikuwa mbu." Nikamjibu, ndiyo mama, mbu, na dozi ambazo hazikumfikia.

Kuna homoni nyingine inayotajwa mitaani bila kutajwa jina, pale watu wanaposema mama alikuwa na mawazo. Hiyo ni kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo. Mimba inavyokua kotisoli ya mama hupanda yenyewe, kiasi cha mara mbili au tatu, na ni sawa. Kondo lina kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa ya kotisoli hiyo kuwa kitu kisicho na nguvu kabla haijamfikia mtoto. Ndiyo maana mama mwenye uchungu wa mapema tunampiga sindano ya deksamethasoni ili mapafu ya njiti yakomae: dawa hiyo inapenya kizuizi ambacho kotisoli ya kawaida haipenyi kirahisi. Kwa hiyo kugombana na wifi au kukasirika siku moja hakumdumazi mtoto, tafadhali tuache kuwatisha wanawake.

Lakini mateso makubwa, ya muda mrefu, ni habari nyingine. Mwaka 2012 kikundi cha Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida kilichapisha utafiti uliofanywa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa akina mama 25 na watoto wao. Waliwauliza kuhusu vita, ubakaji, kukimbia makazi, na pia shida za kila siku. Watoto wa waliopitia makubwa zaidi walizaliwa na uzito mdogo zaidi, na kwenye vinasaba vyao, hasa ile jeni ya kipokezi cha kotisoli, kulikuwa na alama zilizolingana na mateso ya mama. Akina mama 25 ni wachache, na wenyewe watafiti walilijua hilo. Ila ukisoma unaelewa kwamba dawa ya watoto wale ilikuwa amani, na hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mwanamke wa Goma kwamba angejitahidi kutulia.

Sasa nifike kwenye homoni inayonifurahisha kuliko zote, estrioli, mojawapo ya zile estrojeni. Kabla mashine za ultrasaundi hazijaenea, miaka ya 1960 na 1970, hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zilimtaka mjamzito akusanye mkojo wake wote wa saa 24 wapime estrioli. Ikishuka, walijua mtoto yuko hatarini. Kwa nini mkojo wa mama utoe habari za mtoto? Kwa sababu estrioli haitengenezwi na mama peke yake. Malighafi inaanzia kwenye tezi zilizo juu ya figo za mtoto, inapita kwenye ini la mtoto, kondo linaimalizia, kisha inaingia kwenye damu ya mama. Inaitwa homoni ya mama kwa vile imechotwa mkononi mwake, lakini mtoto ameshiriki kuipika.

Miaka ya 1990 kikundi cha Dimitrios Trichopoulos wa Harvard kiliwapima wajawazito wa Boston na wa Shanghai. Yeye alikuwa na wazo, aliloliandika mwaka 1990, kwamba saratani ya matiti huenda inaanza kuandaliwa tumboni kwa estrojeni. Kwa wale wa Boston, estrioli nyingi ilikwenda pamoja na mtoto mkubwa. Sasa angalia: wanawake wa Shanghai walikuwa na estrojeni nyingi kuliko wa Boston, na bado watoto wao hawakuwa wakubwa kuliko wale wa Boston, walikuwa wadogo. Mimi naona hapa ndipo mtu anapaswa kusimama afikiri. Je, estrioli inamkuza mtoto, au mtoto mkubwa mwenye kondo kubwa ndiye anayetoa estrioli nyingi? Kwa nilivyoelezea njia yake, mimi naegemea la pili kwa sehemu kubwa. Homoni iliyo kwenye damu ya mama inaweza kuwa habari kutoka kwa mtoto, wala isiwe amri ya mama.

Na baba naye asikae pembeni. Kuna jeni ya kichocheo cha ukuaji, IGF2, ambayo tumboni inafanya kazi ile iliyotoka kwa baba tu, ya mama imezimwa. Panya waliorithi kwa baba jeni hiyo ikiwa mbovu walizaliwa na asilimia 60 hivi ya uzito wa kawaida. Kwa upande wa pili, mwaka 1938 Walton na Hammond wa Cambridge walichanganya farasi wakubwa wa Shire na wale wadogo wa Shetland. Mama akiwa Shire, mtoto alizaliwa mkubwa. Mama akiwa Shetland, mtoto alizaliwa mdogo, ingawa mchanganyiko wa damu ni ule ule. Yaani mwili wa mama unaweka mpaka, na mpaka huo unamlinda yeye na mtoto wakati wa kutoka.

Nina ombi kwa wakunga wenzangu. Tuache kukadiria. Mtoto wa gramu 2,430 asiandikwe 2,500 kwa sababu ni namba nzuri, maana chini ya 2,500 ndiyo uzito pungufu, naye anahitaji kufunikwa kifuani kwa mama, kunyonyeshwa mara kwa mara na kufuatiliwa. Mzani usawazishwe kwenye sifuri, mtoto awekwe uchi, namba iandikwe ilivyo.

Na wewe mjamzito, anza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12 ukiweza. Uliza SP yako kuanzia mwezi wa nne. Ukiwa na ndugu mwenye sukari, au ulishazaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, sema mwenyewe bila kungoja kuulizwa, na omba kipimo cha damu kati ya wiki ya 24 na 28. Wakisema vifaa hakuna, omba rufaa. Ukiambiwa tumbo ni kubwa kuliko wiki zake, au dogo, uliza sababu.

Kondo likitoka, homoni zake zinaondoka nalo, na kwa wengi sukari inashuka ndani ya siku chache. Watu wanasahau. Lakini mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara saba au zaidi ya mwenzake, kwa hiyo anapaswa kurudia kile kipimo cha kunywa glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12, na baadaye aendelee kupimwa. Wiki ya 6 na ya 10 unampeleka mtoto chanjo hata hivyo. Siku hiyo toka hujanywa chai, na mwambie nesi unataka kupimwa na wewe. Mdogo wangu alifanya hivyo wiki ya 10, majibu yalikuwa mazuri, na ameandikiwa arudi mwakani.